Kiatu Kilichopimwa kwa Simu

Zamani mtu aliyetaka kiatu aliuleta mguu wake dukani, akauweka juu ya kigoda na kuuacha ushikwe. Siku hizi mguu unabaki nyumbani, na simu ndiyo inayotumwa kuusemea.

Kisigino, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita fundi huyu wa viatu hata ukasahau jina alilopewa na wazazi wake, alikuwa na duka la chumba kimoja, kirefu na chembamba. Mbele dirisha na mlango wa barabarani, nyuma mlango wa uani, na katikati nafasi ndefu isiyo na kitu. Wageni walimshangaa. Mbona asiweke rafu pale, au angalau benchi? Hawakujua kwamba nafasi ile ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Mteja alivua viatu akatembea kutoka dirishani hadi mlango wa uani, kisha akarudi. Kisigino alikaa chini sakafuni, macho usawa wa nyayo za watu, akitazama. Futi aliishika baadaye, tena kwa uvivu, kama mtu anayeulizwa jambo alilokwisha kulijua.

Waliomhitaji hasa ni wale ambao miguu yao haikulingana. Na kati ya hao wote, mmoja alimwingia moyoni: mtoto wa kike wa mama mmoja mshonaji wa sare za shule. Aliletwa akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Tangu hapo kila alipokua alirudi kupandishiwa soli upya. Watoto wengine walilia wakiambiwa watembee mbele ya watu. Huyu alifunga mikono nyuma, akainua kidevu, akageuka pale mlangoni kwa kishindo kama mkubwa wa kikosi anayekagua askari wake. Kisigino akamwita Jemadari.

"Jeshi likoje leo, Jemadari?"

"Lina njaa, Babu."

"Na huo mguu?"

"Huu mvivu. Ugombeze, Babu, ukue kama mwenzake!"

Mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na Kisigino, ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa nadra, alijifanya anakohoa.

Mambo hayo yalikwenda vizuri mpaka barabara ikajaa viatu vya plastiki vinavyomwagwa chini kama mahindi, viatu vya gundi vinavyokufa mvua ya kwanza. Mwana wa Kisigino akaenda mbali kutafuta maisha, akamwacha mkewe akimsaidia mzee. Mkwe huyo asisemwe vibaya na mtu. Bila yeye duka lingefungwa zamani. Alikuwa mchapakazi, na ndiye aliyeleta ile akili mnemba kwenye simu ya duka, mashine inayosoma ujumbe wa wateja na kuwajibu yenyewe, usiku na mchana, bila kupiga miayo.

Mwanzoni haikuwa na ubaya. Watu waliuliza mnafungua saa ngapi, mko upande gani wa soko, zipu ya buti mnabadilisha? Ikajibu sawasawa. Kisigino aliacha kuamshwa na simu, akashona kwa raha. Hata hivyo aliipa jina la Ndiyo-Bwana, kwa sababu hakuwahi kusikia imemkatalia mtu jambo.

Siku moja mkwe akamjia na simu mkononi.

"Baba, watu wameanza kuiuliza habari za vipimo. Niambie unapimaje, niiandikie."

Kisigino alikuwa ameuma uzi. "Si mnasema ina akili? Ijitafutie."

"Baba, haijui usichoiambia. Itatunga tu."

"Itunge."

Mkwe akaenda zake. Kwa mzee kilikuwa ni kiburi, lakini si kiburi peke yake. Kisigino hakujua angesema nini. Aliyemfundisha kazi alimfundisha kwa makofi na kunyamaza, na yeye mwenyewe hakupata mwanafunzi. Vijana walikuja, wakaona mshahara, wakaenda kuuza laini za simu. Alichokijua kilikuwa machoni na vidoleni. Hakijawahi kupita mdomoni.

Mwaka ule mshonaji na bintiye walikuwa wamehamia mji mwingine, mwendo wa basi wa siku nzima. Jemadari alikuwa amerefuka, kiatu kimembana, shule mpya inafungua. Mama akaandika kuuliza: lazima tuje, au kuna njia nyingine? Nauli ilikuwa ngumu na kazini hakupewa ruhusa. Mashine ikamjibu kwa adabu nyingi. Hakuna haja ya kusafiri. Mlaze mtoto kitandani, mpime kwa futi kila mguu kuanzia nyonga mpaka kisigino, utume tofauti yake. Fundi wetu atamtengenezea kiatu kitakachomfaa kabisa.

Kisigino alikuja kujua vipimo vilipokwisha kufika.

"Wanakuja lini?"

"Hawaji, Baba. Mama yake amempima."

"Amempima akitembea?"

"Amelala. Ndivyo walivyoelekezwa."

"Wameelekezwa na nani?" Mkwe akaitupia macho simu. "Waambie wapande basi."

Mkwe akaandika upesi kwamba fundi anaomba waje. Mama akauliza: "Ni lazima kweli?" Na kabla mkwe hajagusa simu, mashine ikamjibu mteja: si lazima, vipimo vyako vinatosha.

"Wee!" mkwe akaipigia simu kelele, kama mtu anayemfukuza mbuzi kwenye nafaka.

Akaandika tena, akasahihisha. Jibu lililorudi lilikuwa la mtu aliyechoka: "Mbona mnanichanganya? Duka moja, midomo miwili. Mmeshasema vinatosha. Mtoto anakwenda shule na ndala. Naomba mnitumie tu." Kisigino akachukua simu, akapiga mwenyewe. Ikaita mpaka ikakatika. Pale alipofanya kazi mama yule, vyerehani vilinguruma kutwa, nani angesikia? Akapiga tena jioni, asipate.

Siku hiyohiyo mkwe aliikata mashine makali. Akaiacha ijibu saa za kufungua na njia ya kufika, na ianze kila jibu kwa kusema wazi kwamba ni mashine, na kwa mengine yote iseme: njoo umwone fundi. Ndivyo ingetakiwa kuwa tangu mwanzo. Lakini vipimo vilikuwa mezani tayari.

Kisigino akapiga moyo konde akashona. Ngozi laini, mshono wa mkono, soli imepandishwa kama futi ilivyosema. Futi haikuwa imedanganya. Mtoto aliyelala kitandani ndivyo alivyokuwa. Ila mtoto anayetembea ni mwingine. Mgongo wake umekwisha kujipinda kidogo, goti limejifunza hila zake, na anayetaka kumnyoosha lazima aende naye polepole, unene wa ukucha kwa unene wa ukucha. Fundi alijua hivyo alipokuwa akigongea misumari. Kiatu kikatumwa kwa basi.

Hawakusikia neno mpaka mvua zilipokwisha. Asubuhi moja mama na binti wakasimama mlangoni. Jemadari alikuwa msichana kamili sasa, mrefu, amevaa ndala, ameegemea bega la mama yake. Mama alishika mfuko wenye kile kiatu.

"Shikamoo," msichana alisema. Neno "Babu" halikufuata.

"Marahaba, Jemadari."

Msichana akatazama ukuta.

"Hatukuja kugombana, Fundi," mama alisema. "Tumetoka hospitali, nyonga imeharibika. Nikasema tupite, nisije nikakaa na kitu moyoni."

"Kiatu kilimuumiza?"

"Tangu wiki ya kwanza. Analia, namwambia vaa. Namwambia fundi wetu hajawahi kukosea. Nilimvalisha kwa nguvu, Fundi, mimi, kwa mikono hii, kwa sababu ulisema kitamfaa kabisa."

Mkwe akatoka uani, mikono ina gundi. "Mama, tusamehe. Hakusema yeye. Ni ile mashine."

"Mashine ipi?"

"Mashine ya kujibu ujumbe," mkwe alisema kwa sauti ndogo. "Wakati ule ilikuwa haijitambulishi."

Mama akamtazama Kisigino, akamtazama mkwe, akarudi kwa Kisigino. "Mimi nilikuwa namsomea mtoto," alisema. "Namwambia sikiliza, Babu anasema hivi. Babu anasema ulale chali."

Kisigino angesema si mimi? Duka lilikuwa lake. Na alipoulizwa anapimaje, aliuma uzi.

"Nimwone akitembea," alisema mwishowe, akishuka sakafuni kwa taabu, magoti yakilia. "Mpaka mlango wa uani tu. Nitakipunguza leo hii, msiondoke hapa mpaka—"

"Sitembei," msichana alisema.

"Kidogo tu, mjukuu wangu."

"Nimesema sitembei. Shuleni wananiangalia kutwa. Na wewe tena?"

"Hospitali wamekataza kiatu cha kupandisha," mama alisema, kwa upole uliomuumiza mzee kuliko matusi. "Watamtengenezea cha kwao wakiona vyema. Inuka, Fundi. Utaumwa na baridi ya sakafu."

Aliweka mfuko juu ya kigoda, akampa bintiye bega, wakatoka. Kisigino alichelewa kuinuka. Alipofika mlangoni walikuwa wanavuka barabara, na macho yake, ambayo hakuwa na namna ya kuyazuia, yalifanya kazi yake yenyewe. Aliona nyonga inavyoshuka, goti linavyokimbilia ndani, na kiasi kamili cha soli ambacho kingepaswa kutolewa kwenye kile kiatu. Akainua mkono. Lori la mchanga likapita katikati yao likipiga honi. Lilipokwisha kupita walikuwa wamesimama kwenye kona ya wachomeleaji. Msichana alikuwa amejishika ukuta, anapumzika, na mama anamsubiri bila kumharakisha. Kisha wakakata kona. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Kisigino kuwaona.