Matairi ya Shemeji Anwar

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiifikiria kichwa huanza kuniuma. Nilikuwa nimesimama nyuma ya duka la shemeji yangu Anwar, huku Scarborough, mbele ya trela yetu ya safari iliyovuliwa matairi yote na kupandishwa juu ya magogo, na sikujua la kufanya.

Sikuwa msichana wakati ule, lakini katika familia ile mimi ndiye niliyeolewa wa mwisho, kwa hiyo nilikuwa mdogo wa kila mtu. Mama mkwe wangu alikuwa na dada yake mgonjwa kule Winnipeg, mwendo wa siku kadhaa kwa gari, na habari zilizotufikia hazikuwa nzuri. Mama mkwe mwenyewe, daktari alikuwa amemkataza kupanda ndege kwa sababu ya mapafu. Kwa gari la kawaida asingeweza, maana alihitaji kujinyoosha kila tunaposimama, na choo chake karibu. Ndipo mume wangu Riyaz akanunua trela kwa mtu, nyumba nzima yenye kitanda na jiko, ile ambayo shingo yake hufungwa juu ya mgongo wa pikapu. Dereva nilikuwa mimi. Nilikuwa nikiendesha basi la shule, na Riyaz, Mungu amrehemu, kurudisha trela nyuma kulimshinda kabisa. Aliligonga pipa la taka la jirani, akanikabidhi funguo bila ubishi.

Matairi ya trela yalikuwa na nyufa ubavuni. Hilo tulikubaliana wote, na sikumbuki kama kulikuwa na jingine tulilokubaliana.

Anwar, mkubwa wa familia, alitoa matairi manne stoo kwake akatuzawadia. Yalikuwa yamekaa humo miaka, hayajawahi kufungwa popote, kashata zake, yale meno yanayokanyaga barabara, nene, hayana hata mkwaruzo. "Haya brand new, bi harusi," akaniambia, maana aliendelea kuniita bi harusi hata nilipoanza kuota mvi. "Hayajaona barabara." Binamu yetu wa Mombasa, aliyewahi kuwa na malori, akatutumia sauti kwenye simu: matairi ya trela ni uchafu, fungeni ya lori. Mzee mmoja wa msikitini akasema la, chukueni ya trela, lakini yale yanayobeba uzito mkubwa zaidi. Mwenzake akasema yakiwa magumu kupita kiasi yataitikisa nyumba mpaka sahani zivunjike. Huyu anasema jaza upepo mpaka mwisho, yule anasema punguza, kiangazi lami ina joto. Na kila aliyesema alianza kwa kulipiga tairi teke, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa.

Nikaenda kwa wauza matairi. Wa kwanza akanieleza kwamba tairi la trela huzeeka hata likikaa tu, na kwamba ubavuni pameandikwa juma na mwaka lilipotengenezwa. Nikafurahi, nikadhani nimepata mwanga. Nikamwuliza, sasa nichukue lipi? Akasema inategemea. Wa pili akaniambia mwenzake anatia watu hofu, tairi likitunzwa kivulini halina neno. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Niliporudi nikachungulia ubavu wa yale ya zawadi. Yalitengenezwa kabla mtoto wangu wa mwisho hajazaliwa, naye alikuwa tayari anaota ndevu. Na uzito wa kubeba ulioandikwa pale ulikuwa pungufu ya trela yetu ikishajazwa maji na vyombo, au ndivyo nilivyoelewa, kwa sababu Riyaz alipopiga hesabu alipata jibu lake tofauti. Niliogopa. Niliwaza tairi linapasuka kule kaskazini ya Ziwa Superior, kwenye kona na miamba, na mama wa watu kaketi pembeni yangu. Na nikuambie kweli, nilimwogopa Anwar zaidi. Kuikataa zawadi ya shemeji mkubwa mbele ya watu! Nikajiambia labda mimi ndiye sielewi, wanaume wote hawa hawawezi kukosea. Lakini wao wenyewe kila mmoja alisema lake, sasa aliyepatia ni nani?

Siku ya kufunga matairi walijaa uani wote, kila mmoja na teke lake. Mama mkwe alikuwa ndani ya pikapu, mlango wazi, mfuko wa dawa mapajani. Akaniita.

"Wewe, unalia nini?"

"Silii, Mama. Sijui nimsikilize nani."

Akawatazama wale wanaume, kisha akauliza kwa sauti ambayo hata Anwar aliisikia: "Katika hawa wote, nani anapanda gari hili pamoja nasi?"

Ukimtoa Riyaz, hakuna hata mmoja.

"Basi amua wewe unayeshika usukani," akasema. "Mimi nataka kumwona dada yangu. Usije ukaniua kwa adabu zako."

Maneno yale yalinichoma. Nikamwendea Anwar, nikamwambia, "Shemeji, zawadi yako nimeipokea, lakini sitaifunga." Aliingia dukani akafunga mlango.

Nikanunua matairi ya trela, mapya ya mwaka uleule, ya kubeba zaidi kidogo ya uzito wetu, nikayajaza upepo kama yalivyoandikwa. Nilipatia? Mwanangu, hata leo sijui. Tulifika Winnipeg salama, na wale dada wawili wakalala kitanda kimoja ndani ya trela, wakicheka na kulia mpaka nikatoka nje kuwaachia nafasi. Lakini Anwar naye aliyafunga matairi yake kwenye kitrela chake cha bustani, hayakupasuka, na kila Idi alinikumbusha.

Ninachokuomba ni hiki. Wasikilize watu wote, uwaheshimu, uwashukuru, kisha amua wewe na wale mnaopanda pamoja. Usingoje kichwa kitulie kwanza, kwa sababu huenda kisitulie. Amua hivyohivyo ulivyochanganyikiwa, uende polepole. Atakayenuna atanuna. Anwar alirudi kwetu kunywa chai kabla theluji haijaanguka.

Nasikia umepata kazi Halifax, mbali na hapa, na shangazi zako kila mmoja ana neno lake. Mimi pia nina langu. Nilitaka kukuambia usiende, kwa sababu nyumba hii itakuwa kimya na mimi nitabaki peke yangu. Lakini safari hiyo, mwanangu, mimi siipandi.

Ukienda au ukibaki, Mola akutangulie mbele na akulinde nyuma, na kila utakapolala akuamshe salama.