Mchanga Katika Ulezi wa Kipaimara

Niliwalisha mchanga watu wa sherehe nzima ya kipaimara, katika kijiji kimoja mbele ya Namanyere, na chanzo chake kilikuwa karate. Sikuwa mpishi wala sikugusa unga. Kazi yangu ilikuwa kukagua mahali ambapo wanafunzi wa klabu yetu walifanyia mazoezi siku zisizo za darasa. Mahali pale nilipakagua mwenyewe, nikaandika "panafaa", nikatia sahihi.

Vijana wanaojiunga na klabu siku hizi huniuliza kama kweli ilikuwepo kazi ya namna hiyo. Ilikuwepo, na bado haijaisha vizuri, maana hapa mezani kwangu kuna fomu ambayo tangu Jumatatu nimeshindwa kuisaini.

Siku ya kwanza nilifika ukumbini Majengo na suruali nyeupe mpya nimeikunja ndani ya mfuko, nikidhani nakwenda kufundisha. Nilikuwa na mkanda wa kahawia, na mchana nilikuwa karani wa ghala la mahindi hapa Sumbawanga. Mwalimu Mkuu wa klabu, mwanajeshi mstaafu aliyeongea polepole kama anayesoma orodha, hakuniambia nibadili nguo. Alinipa kaunta buku na kalamu.

"Ukumbi huu tunaazimwa Jumanne na Jumamosi," alisema. "Siku nyingine ni za kwaya. Masaa manne kwa wiki hayamfundishi mtu hata kusimama. Wewe ghalani unakagua magunia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kagua na hawa. Nenda ukaone wanasimama wapi nisipowaona."

Kanuni yake ilikuwa moja. Hakuna mwanafunzi angepandishwa mkanda kabla mkaguzi hajaona mahali anapofanyia kata, yaani ule mfululizo wa hatua na mapigo ambao mtu anaurudia peke yake mpaka mwili uukariri. Asiye na mahali hana mazoezi, na asiye na mazoezi hana mkanda.

Nilianza kila ukaguzi na ardhi, kwa sababu karate yetu inachezwa peku. Changarawe inachana nyayo, saruji inaumiza magoti, na majani yanaficha mashimo ya panya. Kisha nilitazama upepo. Kwenye uwanda huu wa Ufipa upepo wa Juni na Julai hauna wa kuuzuia, na mtu akirusha teke kabla mwili haujapata moto, msuli unachanika. Mwisho niliuliza mahali ni pa nani, na panatumika kwa kazi gani nyingine. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likijaza ukurasa.

Niliwakuta watu mahali ambapo sikutegemea. Fundi seremala alifanyia mazoezi juu ya maranda, na akianguka hakuumia. Dereva bodaboda mmoja hakuwa na kiwanja wala muda, kwa hiyo alikuwa akikaa mkao wa farasi kijiweni, magoti yamekunjwa na mgongo wima, huku akisubiri abiria. Wenzake walikuwa wakimwambia, "Mshikaji, choo kiko nyuma ya stendi." Nilimwandikia "panafaa". Mtu aliyevumilia utani ule miezi mitatu, magoti yake yalikuwa yamekomaa.

Si kila mwenye mahali alituelewa. Mtendaji wa kijiji kimoja aliniita ofisini kwake kuhusu mwanafunzi wangu aliyekuwa akifanya kata alfajiri kwenye uwanja wa mpira, amevaa nyeupe.

"Mzee, kijana wako anapigana na nani pale?"

"Hapigani na mtu. Anapigana na adui wa kufikirika tu."

"Sasa hilo la kumpiga mtu asiyeonekana ndilo wananchi wananiuliza."

Nilimhamishia kijana kwenye uwanja wa shule, saa za mchana, avae fulana ya kawaida. Nami sikutulia. Nilikuwa sipiti kwenye kiwanja kilichonyooka bila kukikanyaga kidogo kwa kisigino. Mke wangu alikuwa akisema hata siku ya kunizika nitainuka kwanza nipime udongo.

Baada ya miaka mingi ghala lilifungwa, nami nikawa mkaguzi wa kudumu. Klabu ilipofungua tawi Namanyere nilipelekwa huko, chini ya Msimamizi wa Tawi, mama mmoja aliyezoea kazi ya masjala. Alisoma kaunta buku langu siku moja, akalifunga.

"Mzee Oswald, hizi ni hadithi. Mimi nahitaji kujua panafaa au hapafai."

Akachapisha fomu. Kwenye mstari wa mahali palikuwa na nafasi ya maneno mawili, matatu. Sikubishana. Kukagua kukawa kwepesi, na taratibu nikaacha kuuliza lile swali la mwisho.

Leokadia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amepangiwa kijiji ambacho basi linafika mara moja kwa siku. Darasani Namanyere alikuja Jumamosi tu, lakini alikuwa na miguu mizuri kuliko wote niliowaona. Alikuwa akijiandaa kwa mkanda mweusi. Mtahini hutoka Mbeya mara moja kwa mwaka, anayemkosa anasubiri mwaka mwingine.

Nilikwenda kukagua mwezi wa tano. Alinipeleka nyuma ya nyumba aliyopanga, kwenye sakafu ya kupuria ulezi. Msomaji wa mjini ajue kwamba sakafu hiyo ni udongo ulioshindiliwa, ukasiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe mpaka ukawa mgumu na laini. Masuke humwagwa pale, yakapigwa kwa fimbo mpaka punje zitoke. Ilikuwa tambarare kama meza. Kihenge cha nafaka kilizuia upepo, na waliokuwa wakitazama ni mbuzi.

Mwenye nyumba, Mama Gaudensia, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage.

"Mwache akanyage," alisema. "Atanishindilia sakafu bure."

Niliandika neno moja, nikawahi basi.

Ambacho sikukipima ni namna mtu wa karate anavyogeuka. Kata ya mkanda mweusi imejaa mageuko, na kila geuko mguu unazunguka juu ya unyayo kwa uzito wa mwili wote, kama jiwe la kusagia. Leokadia alirudia kata ile kila jioni miezi miwili. Kabla ya kupura, Mama Gaudensia alisiriba tabaka jipya jembamba, kama anavyofanya kila mwaka, lakini udongo wa chini ulikuwa umeshakuwa unga. Fimbo zilipoanza kazi, mchanga ukapanda na kuingia kwenye punje. Na punje za ulezi ni ndogo, kupepeta hakuzitenganishi na mchanga.

Kipaimara kilikuwa cha mjukuu wake, mwezi wa nane. Nilialikwa, nikakalishwa na wazee. Ukaja ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa ziwani. Tonge la kwanza lilikwaruza meno. Nikatazama pembeni. Kila mtu alikuwa akitafuna taratibu, macho kwenye sahani, na hakuna aliyetema.

"Migebuka ya mwaka huu ina vijifupa," alisema mzee wa kulia kwangu.

"Vijifupa mpaka kwenye togwa?" akauliza mwenzake.

Mama Gaudensia alikuwa akipita na bakuli. "Kuleni, jamani. Mwaka huu ulezi umeota meno."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Leokadia alikuwa amesimama karibu na kihenge na sahani mkononi, ameacha kutafuna.

Wageni walipopungua nilimfuata Mama Gaudensia, nikamweleza habari ya mageuko. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alisema panafaa?"

"Ni mimi, mama."

"Ulikuja na karatasi, ukatazama, ukaandika. Nikasema huyu ni mtaalamu, ameona."

"Niliona sakafu. Sikuuliza ya ulezi."

"Si ungeniuliza mimi? Nilikuwa nimekaa palepale."

Ulezi wote uliokuwa kihengeni ulibidi uoshwe, beseni kwa beseni, mchanga ukae chini, kisha punje zianikwe kwenye mikeka. Mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili. Nilimpigia simu Mwalimu Mkuu, nikimwambia mahali pameharibika.

"Pameharibika mahali au mwanafunzi?"

"Mahali."

"Basi aje kwenye mtihani."

Nilimpelekea Leokadia habari hiyo nikidhani nimemletea zawadi. Alikuwa ameinama kwenye beseni, mikono imemvimba kwa maji baridi.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Lakini ulezi haujakauka."

Jumamosi ya mtihani nilikuwa naye pale, naanika. Mtahini alirudi Mbeya.

Mwaka huo niliacha kazi, nikarudi Sumbawanga. Nilisema ni magoti, na klabu ikakubali kuwa ni magoti. Mwalimu Mkuu ameshafariki. Aliyeshika nafasi yake ni kijana, lakini kanuni ya mahali hakuifuta. Mkaguzi mpya hajapatikana, hivyo fomu zinaletwa kwangu. Kustaafu hakujanituliza. Asubuhi natembea mpaka stendi bila safari, nikikanyaga viwanja vya watu kwa kisigino.

Jumatatu Leokadia mwenyewe alileta fomu yake. Aliniamkia, akavua viatu mlangoni, akakaa.

"Mwaka huu unafanyia wapi?" nikamuuliza.

"Mahali nimepata, Mwalimu."

"Nikapaone kesho."

Aliangalia mikono yake. "Safari hii nilianza kwa kumwomba mwenye mahali. Amekubali. Ameniomba jambo moja tu, nisimpelekee mkaguzi."

Sikumuuliza ni nani. Alipoinuka kuaga niliona kwenye visigino vyake, na chini ya kucha za mikono, udongo wa kijivu uliokauka, wa kusiribia sakafu ya kupuria.

Mimi sijawahi kusaini mahali nisipopaona. Pale nilipopaona na kusaini, mmesikia yaliyotokea. Jana nilikata tiketi ya basi la Namanyere, nikakaa kwenye kiti cha dirishani, kisha nikashuka kabla halijaondoka. Mtahini anafika Jumamosi na fomu inatakiwa Ijumaa. Nimejaza jina lake, mkanda wake na jina la kata. Mstari wa mahali bado mtupu.