Jina la Kisogoni

Effie MacEachern alimchukia Murdoch Gillis kwa miaka thelathini na sita, na hakuona sababu ya kupumzika. Wengine huchoka na chuki wakaiweka chini. Yeye aliamka nayo, akanywa nayo chai, akaenda nayo kanisani. Na ukimwuliza kisa, hakuanza na kifo cha mumewe. Alianza na kura saba.

Lakini kwanza majina. Waskochi waliojenga Port Morar juu ya makaa ya mawe walivuka bahari wakaja kisiwani hapo na koo chache, na majina ya ubatizo hata kumi hayafiki, wakarithishana hayohayo mpaka ukiita Murdoch Gillis mbele ya mgodi wanageuka watu watatu. Kwa hiyo kila mtu alipewa jina la pili, na hilo alipewa kisogoni. Lilitokana na mguu wake mbovu, au kazi ya babu yake, au neno la kipuuzi alilolisema siku moja akalisahau. Likishanata halitoki, na adabu ya mji ilikuwa moja tu: mwenyewe huambiwi. Wako watu wa Port Morar waliozaliwa, wakaoa, wakazikwa, bila kulisikia jina ambalo mji mzima uliwaita.

Mwaka wa 1958 Ranald MacEachern, mume wa Effie, aligombea udiwani wa Kata ya Tatu. Alitaka kitu kimoja tu, bomba la maji Mtaa wa Nyuma, walikoishi wachimbaji. Mtaa wa Chini ulikuwa na maji tangu kabla ya vita. Diwani alikuwa Murdoch Gillis, mwenye duka, mtu wa kofia ya manyoya na mkono laini. Katika mkutano wa kampeni, ukumbi wa kanisa umejaa, aliulizwa habari ya bomba.

"Bomba la nini?" alisema. "Watu wa Mtaa wa Nyuma si wana ndoo?"

Mtaa wa Chini ukacheka. Mtaa wa Nyuma haukucheka, ila tangu jioni ile haukumwita Murdoch jina lingine. Akawa Murdoch Ndoo, na kama kawaida hakuna aliyemwambia.

Siku ya kurudisha fomu, Murdoch alimleta Ranald MacEachern mwingine, mlevi mmoja aliyelala karibu na bohari la makaa, akamsimamisha agombee bila hata kumweleza vizuri. Kwenye karatasi ya kura wakatokea Ranald MacEachern wawili, wote wachimbaji, mmoja chini ya mwenzake. Watu waliingia kwenye kibanda wakasimama wanakuna vichwa. Mlevi alipata kura thelathini na moja bila kujua ni za nini. Ranald wa Effie alishindwa kwa kura saba.

Makelele yalikuwa makubwa, na Murdoch hakuwa mjinga. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alipeleka barazani sheria ndogo ya kuzuia mchezo aliokwisha kuucheza: wagombea wawili wakiwa na jina moja, karani ataandika kwenye mabano jina ambalo kila mmoja anajulikana nalo, kwa kiapo cha wapiga kura kumi. Alisifiwa gazetini kwa uadilifu. Watu wa aina hiyo wana ngozi ngumu kweli.

Februari ya 1963 Ranald aliteleza kwenye barafu akitoka kisimani na ndoo mbili. Nyonga ilivunjika, kifua kikaingia maji, na baada ya siku kumi na moja akafa. Bomba lilifika mwaka wa 1971, na Murdoch akalifungua kwa mkasi na utepe.

Effie hakukosa uchaguzi hata mmoja. Kila miaka mitatu alitafuta mtu wa kumkabili Murdoch, akambebea fomu, akamgongea milango, kisha akakaa ukumbini kama wakala wake, sweta la kufuma mkononi, macho kwa Murdoch. Aliwaleta mwalimu, fundi bomba, kasisi mstaafu, na mwanamke mmoja aliyehama mji kabla ya kura kuhesabiwa. Wote walianguka. Na kwenye ubao wa mti wa mwaloni uliotundikwa ukutani mwa baraza, ambako waliandikwa madiwani wote tangu mji uanzishwe, mistari ya Kata ya Tatu ilizidi kushuka: Murdoch Gillis, Murdoch Gillis, Murdoch Gillis. Mara kumi na tatu, kwa rangi ya dhahabu.

Mwaka wa 1994 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba miji yote midogo ya upande ule itaunganishwa kuwa manispaa moja. Baraza la Port Morar lingechaguliwa mara moja zaidi, likae miezi tisa, lifutwe. Murdoch, umri miaka sabini na tisa, alisema atagombea ili aufunge mlango. Effie alipolisikia hilo aliweka kikombe chini. Ubao ulibakiza mstari mmoja. Hakutaka kingine chochote duniani ila mstari ule usiwe wa Murdoch, na safari hii aliamua kugombea yeye.

Kabla ya kuchukua fomu yake alikwenda kwa Murdoch Gillis mwingine, mtoto wa ndugu yake diwani, mwanamume wa miaka hamsini aliyetengeneza redio mbovu jikoni kwake, na mji ukamwita Redio.

"Unataka kugombea?" Effie akamwuliza.

"Nigombee nini, mama? Mimi hata bingo sijawahi kushinda."

"Nani kakwambia ushinde? Nataka jina lako tu."

Redio aliacha bisibisi. "Jina langu si ndilo lake?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Ilimchukua muda. Kisha alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Mama wee! Wataliandika lile jina? Kwenye karatasi ya kura?"

"Sheria yake mwenyewe."

"Na analijua?"

"Anadhani tunamwita Murdoch Duka."

"Maskini," Redio akasema, halafu akajirudi. "Maskini wapi. Baba mkubwa alinifukuza dukani siku tuliyomzika baba, nguo za msiba bado mwilini. Lete hiyo fomu."

Karani wa mji alikuwa Lucille Boudreau, Mfaransa wa pwani ya magharibi ya kisiwa, mwenye kufuata sheria mpaka nukta. Adabu ya Port Morar kuhusu majina hakuijua, au aliijua akaona haimhusu. Murdoch alipofika na fomu yake, Effie akiwa amekaa benchini anangoja risiti, karani alimweleza kwamba kuna Murdoch Gillis wawili.

"Basi niandike Duka," Murdoch akasema. "Nani asiyenijua?"

Lucille alimsogezea karatasi yenye sahihi kumi za Mtaa wa Nyuma. "Hawa wameapa vingine, bwana diwani."

Murdoch alivaa miwani. "Ndoo?" akasema. "Ndoo ndiyo nini?"

Alitazama karatasi, akamtazama Effie, na Effie aliona kabisa neno lile likirudi kichwani mwake kutoka mwaka wa hamsini na nane.

"Ni wewe," Murdoch akasema.

"Si mimi. Ni mtaa mzima. Miaka yote."

"Mnakuja dukani mnanichekea! Habari za leo, mzee, mnanunua chai yangu..."

"Chai yenyewe vumbi tupu."

"Lucille, futa upuuzi huu."

"Lete watu kumi waape kwamba unaitwa Duka," Lucille akasema. "Juu ya Biblia."

Kwa siku mbili alizunguka kuwatafuta. Aliwapata sita, na wanne kati yao walikuwa wafanyakazi wake. Hata mchungaji wake alijidai ana mafua. Siku ya mwisho, dakika tano kabla ya ofisi kufungwa, alirudi akimkokota mwanamke aliyemfulia nguo, mfuga kuku wa Mtaa wa Chini, ambaye cheti chake cha ubatizo kilisema Euphemia MacEachern, jina lilelile la cheti cha Effie.

"Na hawa nao wako wawili," Murdoch akasema. "Tuone sasa, Effie."

Effie hakujali hata kidogo. Baba yake alipima makaa mgodini, na tangu utotoni alijua anaitwa Effie Mizani. Aliwaambia wanawake wake kumi waende kwa karani wakaape, kisha akarudi nyumbani kupika samaki wa chumvi, akiimba.

Jumatatu sampuli ya karatasi ya kura ilibandikwa mlangoni mwa baraza. GILLIS, Murdoch (Ndoo). GILLIS, Murdoch (Redio). MACEACHERN, Euphemia (Kuku). MACEACHERN, Euphemia (Saba).

Effie alisoma mara mbili. Aliona karani amekosea, akawa anavuta kitasa aingie kumgombeza, ndipo aliposikia watu wawili nyuma yake wakijizuia kucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa Sadie Petrie, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyetia sahihi wa kwanza.

"Sadie. Saba ni nani?"

"Ingia ndani, unanitolea joto."

"Nimekuuliza."

Sadie alifuta unga mikononi. "Ni wewe, Effie. Tangu Danny wangu yuko darasa la kwanza."

"Niliwaambia Mizani!"

"Mizani alikuwa baba yako. Tumeapishwa juu ya Biblia, ulitaka tuseme uongo?" Kisha likamtoka lote. "Harusi, kura saba. Msiba, kura saba. Siku nilipomzaa Danny ulikuja na supu, mtoto hajakatwa hata kitovu, ukakaa kitandani pangu ukaanza kura saba! Ulitaka tukuite nani?"

"Mume wangu alikufa, Sadie."

"Alikufa, Mungu amrehemu, na ndoo zake mimi ndiye niliyeziokota. Lakini hilo hujawahi kutuambia. Miaka yote, hata mara moja."

Effie alitoka bila kufunga mlango. Alikasirika na Sadie, na wale kumi, na mtaa mzima aliodhani uko upande wake. Alikasirika zaidi kwa sababu alijaribu kukumbuka siku moja aliyomtaja Ranald bila kutaja kura, na hakuipata.

Siku ya uchaguzi ilinyesha, na bado foleni ilizunguka ukumbi wa kanisa. Haikuwa imeonekana foleni kama ile tangu mgodi ufungwe. Watu waliingia kwenye vibanda na vicheko vyao vikasikika nje. Majina yalikuwa yameshachapwa na serikali, kwa hiyo adabu ya zamani ilivunjika siku hiyohiyo. Murdoch alisimama mlangoni kama ilivyokuwa desturi yake, mkono laini mbele.

"Habari za asubuhi, Ndoo!" mzee mmoja akampigia kelele, akapita bila kuushika mkono.

Effie alikuwa amekaa na sweta lake. "Saba!" wakamwita nao. "Leo unataka ngapi? Nane?"

Alifuma bila kuinua kichwa, akakosea mishono, akafumua.

Kura zilihesabiwa kabla ya chakula cha jioni. Kuku alipata kumi na mbili. Ndoo alipata tisini na sita. Saba alipata mia moja na kumi na nane. Redio, ambaye hakugonga mlango hata mmoja, na ambaye ilibidi atumiwe mtu nyumbani kumwambia, alipata mia mbili na tatu. Mji ulikuwa umechoka na wote wawili, na ulikuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Na bado Effie alirudi nyumbani amefurahi. Murdoch ameanguka. Ameanguka na jina lake limeandikwa. Alilala vizuri kuliko alivyolala kwa miaka mingi.

Mchora maandishi alimaliza ubao mwezi wa Novemba. Effie alikwenda kuuona amevaa koti lake la kanisani. Alishuka na kidole kwenye mistari ya Kata ya Tatu mpaka chini, akafika mwaka wa 1991, Murdoch Gillis, akafika mwaka wa 1994. Murdoch Gillis.

"Lucille!" aliita. "Lucille, njoo hapa! Liko wapi lile la Redio? Liko wapi?"

Karani alitoka ofisini. "Sheria ya mabano ni ya karatasi za kura, Bi MacEachern. Ubaoni tunaandika jina la ubatizo. Ndivyo ilivyokuwa siku zote."

"Watu watadhani ni yeye!"

"Karatasi za kura zinatunzwa miezi sita."

"Halafu?"

"Halafu tunazichoma," Lucille akasema, akarudi kwenye simu iliyokuwa ikilia.

Murdoch alikuwa amekaa kwenye kiti cha kungojea, fimbo katikati ya magoti, kofia ya manyoya kichwani. Yaelekea alikuwa pale tangu asubuhi. Alinyanyuka kwa shida, akaja akasimama karibu naye, wakatazama ubao pamoja kama watu wawili mbele ya jeneza.

"Kumi na nne," akasema. "Nani atajua, Saba?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo usoni. Effie alifungua mdomo kumjibu, na maneno yakaja yenyewe, yale yale, kwa sauti ile ile. "Kura saba," alianza, na akajisikia. Alijisikia kama walivyomsikia kwenye harusi na misiba na kando ya kitanda cha Sadie, akanyamaza. Murdoch alingoja kidogo. Kisha akacheka kwa pua, akatafuta mlango na fimbo yake.

Effie alipanda Mtaa wa Nyuma kwa miguu. Sadie alimpungia dirishani, naye akapita. Jikoni alifungua bomba, akajaza birika, akaliacha bomba limefunguka, maji yanamwagika safi kwenye sinki, na akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu, kwamba mume wake aliitwa Ranald, na kwamba alikufa akichota maji.