Kocha alisema kukosa hedhi ni dalili ya fitness

Wakuu, salamu kutoka Nyeri. Hii si stori ya binamu ya rafiki yangu. Ni mimi mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Miaka ya tisini nilikuwa nakimbia marathon. Mazoezi ilikuwa uwanja wa Ruring'u, asubuhi na jioni. Kocha wetu alikuwa mtaalamu sana. Cheti hakuwa nayo, lakini alikuwa na filimbi.

Kwake, ugali ya jioni ilikuwa dhambi. "Wepesi ndio speed," alikuwa anatuambia, huku akimaliza yangu.

Nikakonda vizuri. Halafu hedhi ikapotea. Mwezi mmoja, miwili, mwishowe nikaacha kungojea.

Nikameza aibu nikamwuliza kocha. Akatabasamu.

"Hiyo ni fitness, Wanjiru. Mwili imeachana na mambo ya bure."

Mambo ya bure. Sawa, professor.

Bwanangu Muriithi naye akamnong'onezea mamake kwamba sioni mwezi. Mama mkwe, ambaye alikuwa akingojea mjukuu tangu harusi, akafika kutoka Kerugoya na gunia ya njahi, ile maharagwe nyeusi tunapikia mama aliyejifungua. Mimba hakuna, lakini chakula ya mzazi iko tayari.

Akaniangalia tumbo. Bapa kama sinia.

"Sasa mtoto ako wapi?"

"Labda ameenda mbio, mami."

Hakucheka. Muriithi pia hakucheka.

Wiki hiyo tukaenda race Kangari, milima tupu katikati ya majani chai. Kwa mteremko mguu ukalia ka! kama kuni kavu. Nikaanguka.

"Amka, ni misuli tu!" kocha akapiga kelele.

X-ray ikasema mfupa. Daktari, mama mmoja mpole, hata hakuuliza nakimbia speed gani. Aliuliza nakula nini, na mwezi niliona lini. Nikamwambia.

"Mwili yako haina chakula ya kutosha, kwa hivyo inafunga kazi moja moja," akasema. "Ilianza na uzazi. Sasa ni mifupa. Unataka ifunge gani ingine?"

Nililia mbele yake kama mtoto.

Nikarudi nyumbani na plasta, nikaanza kula. Kocha alikuja kunitembelea mara moja, akaona sahani, akasikitika: "Umejiharibu."

Siku hedhi ilirudi, niliita Muriithi nikiwa chooni, nikipiga nderemo. Jirani walidhani tumeshinda lotari.

Baadaye nilizaa wawili. Mbio nakimbia hadi leo, polepole. Wenzangu wa timu walibaki na kocha kutafuta wepesi. Mmoja wao nilikutana naye juzi Nyeri town. Ni mdogo kwangu. Anatembea na mkongojo.

Funzo: dada, hedhi ikipotea na mimba haiko, hiyo si medali. Enda hospitali, na ule.

Wanariadha mko humu, makocha wenu waliwaambia nini? Na nyinyi makocha wa filimbi pia mnaweza comment, nimekaa pale nawangoja.