Mkuyu wa Kasuku Asiyekuwepo

Mdogo wangu wa kike alinipigia simu siku ya Jumatano, nikiwa kazini Muyinga. Baba mdogo ameegemeza msumeno kwenye mkuyu wetu, akasema Jumatatu anaukata achonge umuvure, lile hori refu la kukamulia ndizi za pombe.

Umuvure haukunisumbua. Mkuyu ule ndio mpaka wa shamba letu la Bugendana. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, baba alituonyesha: kuanzia hapa ni kwenu. Sasa yeye na mama hawapo. Mkuyu ukiondoka, mpaka utahamia mdomoni mwa baba mdogo, na mdomo ule hautulii.

Mimi ni mkubwa wa wanne. Niliacha shule darasa la sita ili hao watatu wasome, kwa hiyo sikuwa na karatasi ya kumtisha mtu. Nilikuwa na kazi ya mwezi mmoja tu: kushika kamba ya kupimia miti kwa timu iliyochora ramani ya mahali panapomfaa kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu anayezidi kuadimika. Jumamosi timu ingepita Gitega, mkoa wetu. Nikamwambia kiongozi wetu, mama mmoja wa Uvira mwenye Kiswahili cha kwao, kwamba kwetu kuna mkuyu wenye kasuku.

Kasuku pale sijawahi kumwona hata manyoya.

Lakini mdogo wangu yule aliyenipigia simu anaiga sauti yoyote. Kwaya ilishamfukuza mara mbili kwa kumwigiza mwalimu. Nilimfundisha kwa simu: mluzi, mkwaruzo, mluzi. Jumamosi akajificha migombani.

Tulipofika, kiongozi akatega sikio. Mluzi ukaja, safi kabisa. Mkwaruzo ukaja. Kisha kasuku akapiga chafya.

Kiongozi akanigeukia polepole. "Dada, huyu kasuku iko na mafua?"

"Asubuhi palikuwa na baridi, mama."

"Na iko analalia chini, kwenye migomba?"

"Kasuku wa Gitega ni wanyenyekevu."

Akakaa kwenye mzizi, akacheka mpaka akajifuta macho. Mimi sikucheka. Nikamwambia yote: mpaka, msumeno, Jumatatu.

"We umeshika kamba mwezi muzima, hujauliza tunapima nini?" akasema. "Ndege akionekana, tunaandika. Lakini hii ramani ni ya mahali anaweza kuishi, hata kama leo hayuko. Shika kamba."

Nikashika, nikauzungushia mkuyu. Akaandika unene, urefu, matunda, na lile tundu kubwa pale upepo ulipovunja tawi.

"Sikupi zawadi," akasema. "Mti iko na sifa zake yenyewe." Akapaka nambari nyekundu kwenye shina.

Timu iliondoka, mimi nikabaki nyumbani. Jumatatu baba mdogo alifika mapema, akasimama mbele ya nambari.

"Hii nini?"

"Nambari."

"Ya nani?"

"Ya ramani."

"Ramani ya serikali?"

"Baba mdogo, mimi niliishia la sita."

Akauzunguka mkuyu mara mbili, akaigusa rangi kwa kidole, akakinusa kidole. "Na wakirudi wakakuta haupo?"

"Nafikiri wataanza kwa kuuliza nani ana msumeno."

Akauchukua msumeno wake, akaenda nao. Nilijua amekwenda kufikiri, na mtu akifikiri anaweza kurudi. Nikabaki kando ya mkuyu nikipalilia maharage yaliyokwisha kupaliliwa.

Saa sita hakuja yeye. Alikuja mama mdogo, mke wake, amevaa kitenge cha kanisani.

"Mwanangu, tumesikia mti wenye nambari haukatwi na mtu. Hamwezi kutupakia na sisi nambari moja? Kwenye mparachichi."

Mparachichi ule ni mfupi, hauna tundu hata la panya.

"Mparachichi upi, mama mdogo?"

"Ule wa kwetu, upande ule wa mkuyu. Huku ni kwenu, kule ni kwetu."

Nikaweka jembe chini. Nikawaita wadogo zangu wote watatu na majirani wawili waliokuwa wakipita, nikamwomba aseme tena, taratibu, niandike vizuri.