Kidonda cha Mama na Ndagala za Kaka

Watu husema vita ndiyo iliyomuua mama. Wanasema hivyo ili kaka yangu mkubwa apate usingizi. Mimi nasema ni yeye kwanza, halafu askari wa kizuizi.

Mama alikuwa ameanza kusahau kabla hatujahamishiwa kambini, mlimani juu ya mji wa Rumonge. Lakini mwiba wa mchikichi ulipomchoma mguuni na kidonda kikaoza, akili ilimtoka mbio. Kutwa anafunga mizigo: "Twende nyumbani, samaki wataharibika." Nyumba yenyewe ilishakuwa majivu.

Nikambeba mgongoni mpaka zahanati ya chini, karibu na ziwa. Muganga akanieleza polepole, maana shule mimi niliiacha mapema.

"Mu damu iko askari. Kalsiamu ikiingia ndani yao, ndiyo amri: amkeni, pigeni. Kwa mutu mzee amri inavurugika. Wengine hawaamki, kidonda kinabaki. Wengine wanapiga bila kukoma, na moto wao unafika mpaka ubongo wenye umeshachoka. Kusahau kwake siwezi kuponya. Lakini umulete kila asubuhi, nikioshe hicho kidonda, nimupige sindano. Kikipona, pengine atakurudilia kidogo."

"Murakoze, muganga," nikamshukuru.

Nilipomsimulia kaka, mvuvi, yeye alishika neno moja tu.

"Kalsiamu? Si mifupa hiyo! Dawa tunaivua wenyewe, wewe unamuzungusha mama barabarani kama gunia la muhogo?"

"Kaka, hakusema imepungua. Amesema amri imevurugika."

"Nani mukubwa hapa?"

Kwetu mkubwa akishasema hivyo, dada anafunga mdomo. Kaka akatwanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, vichwa na mifupa, akautia unga ule kwenye uji. Mama akautema. "Baba, mbona unanilisha muchanga?" Kambi nzima ikamsifu kaka: huyo ndiye mtoto! Na barabara ilikuwa wazi. Wanawake walishuka sokoni wakapanda, huku mguu wa mama ukivimba.

Harufu ya kidonda ndiyo iliyomshinda kaka, akakubali nimrudishe zahanati. Asubuhi hiyohiyo risasi zililia bondeni, askari wakafunga njia. Nikamtua mama mbele yao.

"Rudi, dada. Bibi huyu si mugonjwa, anacheka," akasema kijana mmoja wao.

Kweli alikuwa anacheka. Alidhani kijana yule ni mwanawe.

Siku ya kumzika, kaka akasema, "Vita imetunyang'anya mama." Watu wakaitikia. Nikasimama, nikasema barabara ilikuwa wazi. Wakanivuta nguo nikae, niheshimu wafu.

Mama nilimheshimu. Kaka yuko hai, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na sijamsalimia mpaka leo.