Watoto Wananiita Kocha wa Kuogelea, na Mimi Sijui Kuogelea

Admin, jina langu lifiche. Kijiji nakitaja, ni Munje, kwa sababu watu wa Munje hata wakilisoma hili hawataliamini.

Nina miaka thelathini na sita, mke mmoja, watoto wawili. Marehemu baba alikuwa mvuvi. Mimi nilizaliwa na pumu, mama akanikataza maji, nikakulia mchangani nikishona nyavu. Ukubwani nikapata kazi hoteli moja ya Diani, kugawa taulo kando ya bwawa. Miaka kumi na moja nikamsikiliza mwalimu wa kuogelea akiwafundisha watoto wa wageni somo lile lile, hata nikalihifadhi kama mtoto wa chuo anavyohifadhi Juzuu Amma. Ila miguu yangu haikulowa.

Hoteli ilipopunguza watu nikarudi nyumbani. Mwaka jana watoto wawili wa hapa waliponea chupuchupu kuzama, na kina mama wakanijia. "Wewe umetoka kwenye mabwawa ya Wazungu, tufundishie watoto." Hakuna aliyeniuliza kama najua. Mtoto wa mvuvi kumuuliza kama anajua kuogelea ni kama kumuuliza imamu kama ana udhu. Nami, Mungu anisamehe, nikaona haya kujibu nisiloulizwa.

Tulianza maji yakiwa yamekupwa, kwenye kidimbwi kinachobaki katikati ya miamba. Maji yananifika kiunoni, nimesimama, natoa amri. "Tumbo juu! Masikio majini! Tazama mbinguni!" Wallahi wakaelea. Watoto ishirini na wawili, wasichana na mitandio yao imefungwa kisogoni. Niliwatazama kwa furaha na kijicho.

Miongoni mwao yuko Saumu, miaka tisa, mtoto wa pekee wa mjane mmoja hapa. Siku ya kwanza mamake alimshika mkono akanikabidhi. "Kocha, sina mwengine. Huyu ni amana."

"Amana iko mahali pake, dada," nikamjibu, nikiwa nchi kavu.

Mwezi uliopita nilikosea. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, bahari inarudi kujaa mbio, nami nimenogewa na kufundisha mateke sikuangalia. Mkondo ukamchukua Saumu ukampitisha kwenye pengo la miamba. Watoto wakapiga ukelele. Mimi nikapiga hatua mbili, maji yakanifika kifuani, miguu ikagoma. Nikabaki kupaza sauti tu: "Lala chali, mama! Usipigane na maji! Tazama mbinguni!" Akalala. Akachukuliwa mbali, nikamwona mdogo kama kifuu. Kisha mkondo ukalegea, akapiga mateke polepole mpaka akakanyaga mchanga upande wa pili.

Mzee Kassim alikuwa ufukweni, akashuhudia yote. Jioni barazani akasema, "Mlimwona kocha? Hakupapatika. Angekuwa mwengine angejitupa majini kama mwendawazimu. Huo ndio ujuzi!" Watu wakanipa mikono. Mamake Saumu akaniletea kashata za nazi, nikazila kwa shida.

Sasa wazazi wameamua kufanya sherehe. Jumamosi hii, maji yakiwa yamejaa, watoto waogelee hadi kwenye boya jekundu na kurudi, kijiji kizima kikitazama. Kocha atangulie mbele. Wameshaninunulia filimbi.

Nikamfuata kando mvuvi mmoja hodari, nikamwomba anishikie nafasi, nikasingizia kifua. Akatazama huku na huku, akaninong'oneza, "Kocha, mimi? Mimi baharini naingia na chombo! Tena nilitaka nikuombe unifundishe, watu wasijue."

Nikisema ukweli, kina mama watawatoa watoto siku hiyo hiyo, na wengi hawajaiva. Nikijitia mgonjwa, wataenda bila mimi, na wakishikwa na mkondo hakuna wa kuwafuata. Nikienda, nitazama mbele ya wanafunzi wangu. Mke wangu ananiuliza mbona sili, namwambia ni pumu.

Jana baada ya mazoezi Saumu alichelewa kuondoka, anakamua mtandio wake.

"Kocha, siku ile mimi niligeuza kichwa nikakuona. Ulikuwa unalia."

"Yalikuwa maji ya chumvi yameniingia machoni."

"Sijamwambia mama." Akakamua tena, ingawa mtandio ulishakauka. "Jumamosi mimi nitaogelea ubavuni mwako. Ukichoka usipigane na maji, kocha. Lala chali, nitakushika."

Mtoto wa miaka tisa, ndugu zangu, na siri yangu kaibeba yeye. Najua nikianza kuzama atanishika kweli, hataniachia, na hapo tutakwenda wote wawili. Mamake hana mwengine.

Zimebaki siku tatu. Niambieni, nifanye nini? Na kama ni kusema, nianze kwa nani, nianze vipi? Tusi nitalipokea, bora lije na shauri.